Faili lipo, na toleo ni sahihi

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu kasoro dakika ishirini asubuhi, chai yangu bado inafuka moshi, simu ya mezani ikalia. Mama wa malipo, ghorofa ya pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ripoti yangu leo imetoka bila safu ya TIN."

Dirisha jeusi la kuandikia amri lilikuwa wazi mbele yangu tangu Jumamosi usiku. Nikaibana simu begani, nikachapa palepale:

cd $XXMAL_TOP/reports/US
adident Header XXAPMALI.rdf

Mstari ukarudi. Toleo 120.7, na mwishoni jina langu la kuingilia. Ni lile lile nililoliweka kwa mkono wangu miezi miwili nyuma, lenye safu ya TIN ya msambazaji.

"Mama, faili lipo, na toleo ni sahihi. Hebu angalia vigezo ulivyojaza."

Akanyamaza kidogo.

"Vigezo ni vilevile. Hii ripoti naiendesha kila Jumatatu, mwaka wa sita huu."

"Basi jaribu tena mama, halafu unijulishe."

Nikakata simu, nikanywa chai.

Hii ni wiki ya saba sentensi ile haijatoka kichwani. Faili lipo, na toleo ni sahihi. Nimeigeuza kila upande na sijaona neno la uongo ndani yake. Faili lilikuwepo. Toleo lilikuwa sahihi. Na ripoti ya mama ilikuwa inatoka kwenye faili jingine kabisa.

Jumamosi usiku

Wanaoishi na Oracle E-Business Suite 12.2, mfumo wetu wa fedha na manunuzi, wameshajua ninakoelekea, na nadhani wanatabasamu. Wengine nivumilieni aya moja.

Tangu toleo hilo litoke mwaka 2013, mafaili ya programu hayakai sehemu moja. Kuna nyumba mbili zinazofanana, fs1 na fs2. Wakati wowote moja inakaliwa na watumiaji na nyingine iko kwenye ukarabati. Ukitaka kuweka viraka (ofisini hakuna anayesema viraka, tunasema pachi) unaviweka kwenye ile ya ukarabati huku watu wanaendelea na kazi zao. Ukimaliza, unafanya kinachoitwa cutover: huduma zinasimama kwa muda, nyumba zinabadilishana kazi, asubuhi watu wanaingia kwenye nyumba iliyokarabatiwa na wala hawajui kwamba wamehamishwa.

Jumamosi ile niliwahamisha kutoka fs1 kwenda fs2. Ilipofika saa nane usiku kila kitu kilikuwa kijani. Nikafungua ukurasa wa kuingilia, nikaendesha ripoti mbili za kawaida, nikaandika barua pepe ya "kazi imekamilika salama", nikalala kwenye kiti hadi alfajiri.

Dirisha langu jeusi sikulifunga.

Lile dirisha nilikuwa nimeliwekea mazingira jioni, kabla ya kuhama. Wakati ule fs1 ndiyo iliyokuwa ikikaliwa. Kuhama kulipotokea, seva ilijua, hifadhidata ilijua, watumiaji walihamishwa. Dirisha halikuambiwa na mtu. Vigeu vyake vyote vilibaki vinaelekea fs1, kama mtu aliyelala kwenye daladala akaamka gari limeshageuza, na yeye bado anahesabu vituo vya kwenda.

Linalonitesa zaidi ni kwamba nilihakiki. Ile asubuhi, baada ya simu ya pili ya mama, niliuliza dirisha: echo $FILE_EDITION. Likajibu, run. Yaani hapa ulipo ndipo wanapokaa watumiaji. Nikapumua. Niliuliza, nikajibiwa, nikaridhika, na jibu lilikuwa la Jumamosi.

Mstari wa dola

Niseme kidogo kuhusu ule mstari wenyewe, kwa sababu naupenda, na kwa sababu mapenzi hayo ndiyo yaliyonipoteza.

Karibu kila faili la mfumo huu limebeba ndani yake mstari unaoanza na $Header na kuishia na alama ya dola. Jina la faili, namba ya toleo, tarehe, saa, jina la aliyeliweka mara ya mwisho, na neno ship. Liwe faili la maandishi au la mashine, fomu au ripoti, mstari upo. Ukiwa na adident unautoa. Usipokuwa nayo, unachukua strings -a, unapitisha kwenye grep, unautoa vilevile.

Mtindo huu ni wa zamani kuliko wengi wetu. Mwaka 1972, huko Bell Labs, Marc Rochkind aliunda SCCS, programu ya kutunza matoleo ya mafaili, na mafaili yake yalibeba alama ya @(#) ili amri inayoitwa what iweze kuyasoma. Miaka kumi baadaye Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue akaleta RCS, ya kazi hiyohiyo, na humo ndimo ilimotoka $Header tunayoisoma hadi leo. Vijana wa Git, programu ya siku hizi ya kutunza matoleo, wananicheka nikiwaonesha. Kwao toleo linakaa nje ya faili, kwenye hazina. Sawa. Lakini faili likishakokotwa, likanakiliwa, likapewa jina jipya na kutupwa kwenye seva saa nane usiku na mtu mwenye usingizi, hazina haina habari nalo. Mstari wa dola unao.

Una tabia zake. Ukiona 115 mwanzoni, ni mtoto wa enzi za 11i, toleo lililotangulia 12. Ukiona 120, ni wa 12. Ukikuta katikati 12020000, hilo ni tawi la 12.2. Na nukta zake si za desimali: 120.10 ni kubwa kuliko 120.9. Linaonekana dogo hilo, lakini nimeshawahi kuona karatasi ya Excel iliyopanga matoleo kwa mfuatano wa namba, 120.10 ikawekwa juu kabisa kabla ya 120.2, na mkutano mzima ukaamua kwa kuiangalia. Waliojenga majedwali ya mfumo walilijua hili, ndiyo maana AD_FILE_VERSIONS inahifadhi kila kipande cha namba kwenye safu yake, version_segment1, version_segment2, na kuendelea hadi kumi.

Kwa hiyo mtu akiuliza "toleo gani?", mimi nina jibu ndani ya sekunde tano. Na mwenye jibu la haraka huwa hapendi kusubiri swali liishe.

Mama hakuwa ameuliza toleo gani. Alikuwa ameniambia kitu fulani kimepotea. Swali lilikuwa wapi.

Wapi

Nilipoanza kazi hii nilipoteza siku nzima nikitafuta fomu ya oda za manunuzi. Nilikuwa nahitaji chanzo chake, POXPOEPO.fmb, na kwa kuwa ni fomu ya manunuzi nikaitafuta kwenye $PO_TOP, folda ya manunuzi. Nikakuta .fmx peke yake, ile iliyokwishapikwa. Hakuna aliyeniambia kwamba vyanzo vya fomu vyote, za idara zote, vinakaa kwa pamoja kwenye $AU_TOP/forms/US, na ni vile vilivyopikwa tu ndivyo vinavyorudi kwenye idara zao. Mpishi mmoja, jiko moja, sahani zinatawanyika.

Vifurushi vya PL/SQL, yaani programu zinazoishi ndani ya hifadhidata, ni shida ya aina yake. Faili la .pls liko kwenye patch/115/sql la idara husika, lina mstari wake wa dola, unalisoma unafurahi. Lakini kinachofanya kazi si faili hilo. Kinachofanya kazi ni kile kilichoingizwa kwenye hifadhidata, na ili kukijua inabidi ukaulize dba_source, kwa kawaida mstari wa 2 wa kifurushi, usome $Header iliyoko humo. Mara nyingi vinafanana. Siku visipofanana ndiyo siku unayotafutwa na bosi. Na kwenye 12.2 hifadhidata nayo ina matoleo mawili ya kitu kimoja, moja linaishi na jingine linasubiri kuhama, kwa hiyo hata huko ndani inabidi useme umesimama upande gani.

Mafaili ya Java tuliyoyaandika wenyewe usiniulize. Unaweka darasa jipya kwenye $JAVA_TOP, unalisoma, toleo jipya, safi kabisa, na ukurasa unaendelea kuonesha ya zamani, mpaka ukumbuke kuendesha adcgnjar ili liingie kwenye customall.jar, kisha uzime na kuwasha.

Nimekuwa nayajua haya kwa miaka. Nimewafundisha wengine. Ndiyo maana sina pa kujifichia.

Nakala tano

Saa tano na robo, mama akapiga mara ya tatu. Safari hii hakusema mwanangu. Alisema, "Malipo ya leo hayaendi bila ile safu, mkaguzi wa ndani amekataa kusaini. Sema unataka nifanye nini."

Nikaacha ujanja, nikafanya kitu cha kijima. Niliambia seva ilitafute faili lile kwa jina, kila mahali, kuanzia kwenye mzizi.

find / -name 'XXAPMALI*' 2>/dev/null

Ikachukua dakika kadhaa. Ikarudi na mistari mitano.

Mmoja fs1. Mmoja fs2. Mmoja kwenye folda iitwayo bak_usifute, ambayo hakuna anayejua nani aliiandika na kwa hiyo hakuna aliyewahi kuifuta. Mmoja kwenye folda ya nyumbani ya kaka aliyenitangulia kazi hii, jina lake XXAPMALI_mpya.rdf. Na wa tano kando yake, XXAPMALI_mpya_hii_ndiyo.rdf.

Niliendesha adident kwa yote matano. La fs1, 120.7. La fs2, 120.6. La usifute, 120.5. La mpya, 120.6. Lile la hii_ndiyo halikuwa na mstari wowote.

Hapo nikaona fs2 kwa mara ya kwanza siku ile. Niliitazama ile herufi na namba yake. Nikaandika pwd kwenye dirisha langu, kuliuliza limesimama wapi. fs1.

Moyo ukaanza kwenda kasi, lakini bado sikujiamini. Nilikuwa nimeshadanganywa na $FILE_EDITION, na sasa nilitaka shahidi ambaye hawezi kuwa na kumbukumbu ya jana. Nikampigia mama: "Iendeshe tena, sasa hivi, usikate simu." Akaiendesha. Nikamsaka mchakato wake kwa ps wakati bado unakimbia, nikachukua namba yake, nikaingia /proc, mahali seva inapoweka habari za michakato inayokimbia, nikasoma mazingira uliyozaliwa nayo, nione XXMAL_TOP yake inaelekea wapi:

tr '\0' '\n' < /proc/NAMBA/environ | grep XXMAL_TOP

fs2.

Mama alikuwa anasoma 120.6. Tangu asubuhi.

Mkono uliolirudisha nyuma

Kwa nini fs2 ilikuwa na la zamani? Kwa sababu ya mtu mmoja, na jina lake liko mwishoni mwa mstari wa dola.

Miezi miwili nyuma, idara ya fedha ilihitaji safu ya TIN haraka. Nililitengeneza faili, nikalipandisha kuwa 120.7, nikalinakili kwenye nyumba iliyokuwa ikikaliwa, fs1, mchana kweupe, kwa cp. Ripoti za aina hii hazihitaji hata kuzima kitu, mfumo unalisoma faili upya kila ripoti inapoendeshwa. Mama aliiona safu yake ndani ya dakika kumi. Alinishukuru.

fs2 sikuigusa. Na wakati wa kuandaa ukarabati, mfumo unasawazisha nyumba mbili kwa kurudia pachi zilizowekwa kwa njia rasmi. Faili lililopitia dirishani haulijui. Kuna mahali pa kuliandikisha, faili dogo liitwalo adop_sync.drv, humo unaweka amri za kunakili vitu vyako wenyewe. Nalijua. Kwenye daftari langu limeandikwa kwa kalamu nyekundu.

Na niwaambie lililonifanya nitoke jasho kwenye chumba chenye kiyoyozi. Jumatatu ile, saa tisa alasiri, nilikuwa nimepanga kuendesha fs_clone, inayofuta ile nyumba isiyokaliwa na kuijenga upya kwa kunakili inayokaliwa. Yaani 120.6 ingekwenda kukaa juu ya 120.7. Kompyuta niliyolitengenezea faili lile ilikuwa imeshakusanywa na kusafishwa mwezi uliotangulia. Nakala pekee ya 120.7 duniani ilikuwa ndani ya fs1, ikisubiri saa tisa.

Ningekuwa nimemshawishi mama saa nne kwamba amekosea vigezo, tungeipoteza jioni.

Daftari la mjumbe

Kabla ya find nilikuwa nimejaribu njia ya waungwana. Niliuliza hifadhidata: AD_FILES, kuna faili linaitwa hivi? Jedwali hilo linaorodhesha mafaili ya mfumo, na ukiliunganisha na AD_FILE_VERSIONS unapata historia ya matoleo.

Jibu lilikuwa hakuna kitu.

Nilikozaliwa, mjumbe wa nyumba kumi alikuwa na daftari. Ukihamia, unakwenda kujiandikisha. Ukitaka barua ya kufungulia akaunti au kumdhamini mtu polisi, mjumbe anafungua daftari. Lilikuwa daftari zuri, lenye mistari iliyonyooka. Na kila mtu mtaani alijua kwamba nyumba ya kona ina wapangaji sita huku daftari linasema wawili, na kwamba mzee aliyeandikwa namba moja alishahamia Morogoro.

Hakuna aliyesema mjumbe ni mwongo. Daftari liliandika waliopitia mlangoni kwake. AD_FILES ni hivyohivyo. Kwa mafaili yaliyokuja na pachi ni shahidi mzuri sana, nalitumia kila wiki. Kwa yaliyopitia dirishani ni kimya, na ukimya wake unafanana sana na jibu.

Nimejikuta nafikiri hivi: kuna mashahidi watatu. Daftari linajua kilichopitia mlangoni. Faili linajijua lenyewe, lakini halijui kama linatumika. Mchakato unaokimbia unajua unachosoma sasa hivi, na ukiisha hauna kumbukumbu. Kwa miaka kumi nimekuwa nikimuuliza wa kati peke yake, kwa sababu anajibu haraka.

"Mfumo"

Saa sita na dakika tano nilinakili 120.7 kwenda fs2. Nikaliandikisha kwenye adop_sync.drv. Nikampigia mama.

"Jaribu sasa."

"Imetoka. Tatizo lilikuwa nini?"

Na mimi, mtu mzima, mwenye jina langu limeandikwa ndani ya faili, nikasema: "Aa, mfumo tu mama. Baada ya maboresho huwa unasumbua kidogo."

Hapo ndipo sasa.

Wote tumeshawahi kusimama dirishani, mkononi una fomu na nakala ya kitambulisho, ukaambiwa mfumo uko chini. Mfumo unasumbua. Mfumo haujakuona. Mfumo umekukataa. Huwezi kugombana na mfumo, hauna ofisi, hauna jina, hauli chakula cha mchana. Unarudi nyumbani kesho yake uje tena. Nimelalamika kuhusu neno hilo kwenye foleni zaidi ya mara moja, kwa sauti.

Na ni sisi tunaolitengeneza. Yule dada wa dirishani halibuni, ameambiwa na mtu wa ghorofa ya juu mwenye dirisha jeusi. Mimi nilijua njia kamili ya faili, kuanzia /u01 hadi .rdf. Nilijua namba ya toleo, sekunde lilipoandikwa, na nani. Sidhani kuna kosa lenye anwani kamili kuliko lile. Nikamwambia mama "mfumo".

Nilijitetea wiki mbili. Kwamba asingeelewa habari za fs1 na fs2. Kwamba ingemchanganya bure. Kwamba kilichotakiwa ni safu, na safu imerudi.

Picha

Wiki ya tatu simu yangu ilijaa. Ikakataa kupiga picha kwenye harusi ya binamu, nikakaa pembeni kufuta vitu vya WhatsApp. Nikakuta picha aliyonitumia mama Jumatatu ile, saa tatu kasoro dakika nane. Karatasi mbili juu ya meza, ya wiki iliyopita na ya siku ile, zimewekwa sambamba. Nakumbuka niliifungua asubuhi ile. Niliangalia safu, nikaona kweli moja haina TIN, nikaifunga, nikaendelea kuamini dirisha langu.

Sasa nikaivuta kwa vidole viwili.

Chini kabisa ya karatasi ya kushoto, kwa herufi ndogo kama sisimizi: XXAPMALI 120.7. Chini ya ile ya kulia: XXAPMALI 120.6.

Kaka aliyenitangulia alikuwa ameiweka namba kwenye kijachini cha ripoti. Mimi mwenyewe nilipopandisha kuwa 120.7 niliibadilisha na pale, nikasahau. Na kwenye picha, pembeni ya ile namba ya kulia, kulikuwa na ncha ya biro. Mama hakuwa amepiga picha karatasi mbili tu. Alikuwa anaonesha kwa kalamu.

Muziki ulikuwa juu, mtu akanishika bega akaniambia twende kwenye keki. Sikula keki.

Kaunta buku

Nilikwenda ghorofa ya pili wiki iliyopita tu. Nilichelewa, najua. Nilijitungia sababu nyingi, robo mwaka inafungwa, watu wana kazi.

Nilimweleza. Sikutumia Kiingereza, na niligundua haikuhitajika: kuna makabati mawili, mafaili yanahamishwa usiku, mimi niliweka karatasi mpya kabati moja nikasahau la pili, na ulipopiga simu nilikuwa naangalia kabati lisilotumika. Alielewa kabla sijafika kabati la pili. Anafanya kazi na makabati miaka thelathini.

"Kwa hiyo haikuwa mfumo."

"Haikuwa mfumo mama. Ni mimi."

Akavuta droo, akatoa kaunta buku la jalada gumu, kona zimechakaa. Akafungua. Safu tatu kwa rula: tarehe, jumla ya malipo, na namba. Kila Jumatatu. 120.4, 120.4, 120.4, kurasa nzima, kisha 120.5, kisha 120.6 kwa muda mrefu, kisha 120.7 mara nane. Halafu Jumatatu ile, 120.6, imezungushiwa duara kwa wino mwekundu.

"Yule kaka wa zamani aliniambia," akasema. "Namba ya chini ikibadilika, iandike. Basi mimi naandika."

Kwenye meza yangu nina jedwali lenye majedwali, nina skripti nne, na tangu juzi nina amri ndogo inayokwenda kusoma s_file_edition_type ndani ya faili la muktadha badala ya kuliamini dirisha. Historia ya XXAPMALI ya miaka sita sikuwa nayo popote. Ilikuwa kwenye droo, chini ya stepla.

Nilimwomba niipige picha. Akakubali, lakini kwanza akageuza buku, akaninyooshea biro, akaonesha ile duara nyekundu. Pembeni yake alikuwa ameacha nafasi tupu.

"Andika hapo ilikuwa nini," akasema. "Halafu usaini."

Nikaandika: nakala ya fs2 haikubadilishwa. Tarehe. Jina langu. Akausoma mstari, akauliza fs2 ndiyo kabati lipi, nikamwambia la pili, na yeye mwenyewe akaongeza juu yake kwa mwandiko wake, kabati la pili.